Mdudu Aliyebeba Sauti ya Siti

Wengi hudhani santuri za zamani, zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ni za plastiki. Mimi ninazikusanya, na mgeni akitaka kuishika moja namwomba atumie mikono miwili, kwani ikimponyoka itavunjika kama sahani ya udongo. Kilichoigandisha santuri hiyo ni ulimbo wa mdudu.

Mdudu mwenyewe ni mdogo mno, wa India na nchi za jirani. Hukaa kwa maelfu kwenye matawi, hata ya mkunazi tunaoujua sisi, akifyonza utomvu na kujifunika kwa ulimbo anaoutoa mwilini. Wanakijiji hukata matawi hayo, hukwangua magamba, huyaosha, kisha huyayeyusha. Katika kiwanda cha santuri ulimbo ulichanganywa na unga wa mawe na masizi, ukashindiliwa ungali moto. Unga wa mawe ulisaga ncha ya sindano ya chuma ya gramafoni hadi ikae sawasawa katika mfereji wa santuri, ndiyo maana sindano ilibadilishwa kila mara.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alisafiri na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay, wakarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice kwenye santuri za namna hiyo. Kuanzia hapo hata asiyekanyaga Unguja aliweza kumsikia akiimba kwa Kiswahili. Lakini upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu hivi. Fikiria taarabu, yenye beti za kurudiwa na watu wanaoinuka kumtuza mwimbaji, ikibanwa humo! Kila nikimsikiliza naona alivyonyimwa nafasi.

Ndiyo sababu namshukuru mwandishi Shaaban Robert kwa kitabu chake *Wasifu wa Siti binti Saad*. Siti alifariki mwaka 1950, lakini kitabu hicho kinatusimulia maisha ambayo santuri haikuweza kuyabeba: umaskini, dharau za watu, na ujasiri wake. Kwangu mimi, kumsikiliza bila kukisoma ni kumjua nusu.

Ukikuta santuri hizi katika sanduku la bibi, tafadhali usizifute kwa spiriti, maana huyeyusha ulimbo na kuharibu mifereji. Pangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, uziweke wima, mbali na jua. Zikipinda huenda zisichezeke tena.