Vitupwavyo Nyumbani na Mandhari ya Reli Ndogo

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu waliofanya kuwa sanaa ya umri mzima kazi ya kuunda reli ndogo juu ya meza, yenye garimoshi, stesheni, milima na vijiji. Na ijapokuwa garimoshi lenyewe aghalabu hununuliwa dukani kwa fedha si haba, mandhari inayolizunguka yaweza kufanywa kwa vitu vitupwavyo jaani kila siku, mradi mtengenezaji awe mshika hesabu.

Kipimo kilichoenea kupita vyote ni cha moja kwa 87, ambacho kwacho mtu wa sentimita 174 hubaki na kimo cha milimita 20. Basi mrija wa kunywea soda, wenye upana wa milimita 6 au 7, ukikatwa kipande cha milimita 10, ukazibwa juu kwa kiduara cha karatasi na kupakwa rangi iliyofifia, huwa pipa la mafuta kamili. Na kijiti cha kibiriti, chenye unene wa milimita 2, huwa boriti ya sentimita 17, ifaayo kuwa nguzo ya ghala lakini si ubao wa ukuta wake, maana hapana seremala apigaye ukuta kwa miti minene namna ile.

Paa la bati ndilo liwaumbualo wengi. Hutwaa karatasi ngumu ya maboksi kwa kuwa ina mawimbi, wakasahau kwamba wimbi lake la milimita 7, likikuzwa kwa hesabu ile ile, lapita nusu mita, ilhali la bati la kweli ni kama sentimita saba na nusu, yaani katika reli yetu halitimii hata milimita moja. Afadhali kulaza karatasi ya fedha ya jikoni juu ya gazeti lililokunjwa, kisha kuvingirisha juu yake, kwa kuigandamiza, bolti yenye hesi za karibu karibu. Mistari itakayotokea yatosha kumdanganya hata fundi wa mapaa.

Majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa hufaa kuwa majani makavu ya msituni, lakini yaanikwe barabara, yasije yakaota ukungu. Na waya wa umeme wa zamani, ukisokotwa na ncha zake kutawanywa, huwa shina na matawi, na sifongo iliyochanwa huwa majani.

Tena unadhifu si sifa hapa. John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, alipata sifa kwa reli yake, Gorre & Daphetid, hasa kwa kuwa hakuona haya kuonyesha kutu, masizi na mbao zilizochakaa; alipofariki mwaka 1973, maskini, hazikupita siku nyingi moto ukaiteketeza kazi yake, zikabaki picha. Uchakavu wa mbao hupatikana kwa siki iliyolowekwa misumari ya kutu siku kadhaa.

Apendaye kuiga stesheni ya Tabora au Voi ya zamani ajue kwamba reli ile ya upana wa mita moja, kwa kipimo hiki, ni milimita 11 na nusu, na kwamba njia za milimita 12 huuzwa Ulaya kwa ajili ya waigao reli za milimani za Uswisi, zilizo na upana ule ule.