Kijana mgonjwa na saumu ya Ramadhani

Katika nyumba zetu wamo vijana wenye ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, ambao Ramadhani inapoingia huona haya kula mchana ilhali wadogo zao wamefunga. Tumewaona walioamka kula daku, wakaficha dawa ya mchana chini ya mto, na ilipofika alasiri wakalia kwa maumivu ya mifupa. Kwani mwili ukikosa maji, seli nyekundu hujipinda upesi zaidi na kuziba mishipa ya damu.

Wazazi wenzetu, kijana huyu hahitaji kukemewa, wala kuonewa huruma mbele ya wageni. Tuketi naye kabla ya mwezi kuandama, tumsomee Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, ajue kuwa ruhusa ya mgonjwa imetoka kwa Mola yuleyule aliyefaradhisha saumu. Tumuulize daktari iwapo ataweza kulipa siku nyingine. Asiyetarajiwa kuweza, fidya yake ni kumlisha maskini kwa kila siku. Chakula hicho tumpe yeye mwenyewe akipeleke. Na magharibi akae nasi jamvini, mahali pake palepale.

Kuihifadhi amana ya mwili nako ni ibada. Allah awape wagonjwa wetu shifaa. Amin.