Kipenyo cha Risasi: Somo Kutoka Moshi ya Mwaka 1915

Mwanafunzi anayejifunza kutumia vernia huelezwa mapema kwamba jina la kitu si kipimo chake. Sijui mahali ambapo kanuni hii huwaadhibu upesi wale wanaoipuuza kuliko katika matumizi ya bunduki na bastola. Mtu asemapo kuwa ana "bastola ya milimita 9" hudhani amekwisha kutaja kila kinachohitajika. La hasha. Ziko risasi za aina tatu zinazojulikana sana duniani, na zote huitwa za milimita 9. Ganda la aina ya kwanza lina urefu wa karibu milimita 19, la pili milimita 18, na la tatu milimita 17. Kichwa cha risasi ya kwanza kina kipenyo cha karibu milimita 9.03. Kile cha pili, kilichobuniwa katika Urusi ya Kisovieti kwa ajili ya bastola ya Makarov, kina karibu milimita 9.27. Tofauti hiyo haifikii unene wa ukucha wa kidole, lakini chuma huitambua.

Kuna na suala la magazini, yaani kile kikasha chenye springi kinachopandisha risasi moja moja. Viwanda kadhaa hutengeneza bastola za milimita 9 na za milimita 10 kwa umbo moja la nje, hata magazini zake hufanana. Magazini ya milimita 10 hupokea risasi za milimita 9 pasipo ubishi wowote, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Midomo ya magazini hiyo imepanuliwa kwa ajili ya ganda nene, hivyo risasi nyembamba huweza kupanda ikiwa imeinama na kukwama. Ikitokea ikaingia katika chemba na kulipuka, mambo huwa mabaya zaidi. Hebu tufanye hesabu. Eneo la duara hutegemea mraba wa kipenyo. 100 tukigawanya kwa 81 tunapata 1.23. Tundu la mtutu, basi, limezidi kichwa cha risasi kwa eneo la asilimia 23, na gesi hupenya pembeni. Wakati huo huo ganda halikushikwa na kuta za chemba. Hutanuka kwa kanieneo kubwa, na huweza kupasuka karibu na mkono wa mpigaji. Kosa la kinyume chake, la risasi nene katika mtutu mwembamba, kwa kawaida hujizuia lenyewe, maana risasi haiingii. Tofauti kubwa ya vipimo humwacha mtu bila silaha. Tofauti ndogo ndiyo humjeruhi.

Tunao mfano wa jambo hili katika historia ya nchi yetu, na sehemu yake muhimu ilitokea chini ya mlima Kilimanjaro.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye kipenyo cha milimita 11. Bunduki hizo zilitumia baruti nyeusi, iliyotoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali alipo mpigaji. (Jina la mji wetu halihusiki na habari hii.) Makampuni machache tu yalikuwa na bunduki mpya za milimita 7.9. Risasi za aina mbili zilipaswa kubebwa na wapagazi wa safari moja, na sanduku la aina moja halikuwa na faida yoyote kwa askari mwenye bunduki ya aina nyingine.

Mwezi Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ilifika katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa imebeba bunduki na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, iliifuata na kuipiga mizinga. Sehemu kubwa ya shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Kwa kadiri siku zilivyopita, baruti na fataki ziliharibika, na risasi zilizokataa kulia zikaongezeka.

Kamanda wa jeshi hilo, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake hatua iliyochukuliwa. Kwa miezi kadhaa, askari wote walioweza kupatikana Neu-Moschi, yaani Moshi mjini ya leo, palipokuwa mwisho wa reli kutoka Tanga, waliwekwa kazini tangu asubuhi hadi usiku kufungua risasi moja moja, kusafisha baruti na kuzijaza upya. Baadhi ya fataki zilibadilishwa kwa nyingine zilizokuwamo nchini, ingawa hizo zilikuwa za umbo tofauti. Historia huwataja zaidi majenerali. Mimi naona karakana ile ya Moshi inastahili kutajwa pia, maana vidole vya askari hao vilishika fataki kwa maelfu.

Risasi zilizojazwa upya zilipangwa kwa majaribio. Zile ambazo karibu asilimia 20 zilikataa kulia zilipelekwa vitani, na zilizozidi hapo zilitumiwa katika mazoezi. Risasi nzima za zamani ziliwekwa akiba kwa ajili ya bombomu peke yake. Kwa nini? Bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 huchukua risasi 5. Uwezekano wa zote tano kulia ni 0.8 mara tano kwa yenyewe, yaani 0.33, mara mbili katika tatu askari atakumbana na risasi moja iliyokufa au zaidi. Hata hivyo, ataitoa kwa mkono na kuendelea. Bombomu hujiendesha kwa nguvu ya risasi iliyotangulia. Risasi moja ikikataa, mtambo wote husimama, na kwa kiwango hicho ungesimama baada ya milio minne kwa wastani.

Tarehe 25 Novemba 1917, baada ya kuvuka mto Ruvuma, jeshi hilo liliteka kambi ya Wareno huko Ngomano, likapata bunduki za milimita 6.5 pamoja na risasi zake. Baadaye liliteka pia za Kiingereza, za milimita 7.7. Liliposalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikabidhi bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno.

Mwalimu anaweza kuwaeleza wanafunzi jambo moja zaidi kuhusu hizo za Kiingereza. Milimita 7.7 ni kipenyo cha tundu la mtutu kabla ya kuchongwa mifuo. Kichwa chenyewe cha risasi kina karibu milimita 7.9. Mwanafunzi akikipima kwa vernia ataapa kuwa ni cha Mjerumani. Cha Mjerumani, kikipimwa vivyo hivyo, hufikia milimita 8.2.

Zoezi hilo lifanywe kwa vipande vya mabomba na gololi. Katika vilima vya Salaita, Latema na Reata, karibu na Taveta, palipiganwa mapema mwaka 1916, na risasi ambayo haikulia siku ile bado ina fataki. Atakayeikuta akichunga au akilima asiigonge, asiitie motoni, wala asiilete shuleni. Aweke alama mahali hapo na kutoa taarifa polisi.