Dhuluma dhidi ya mtoto haimalizwi nyumbani

Mnamo Mei 2015, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi iliyoanzia hapa Nakuru. Wasichana wawili, waliotambuliwa mahakamani kwa herufi za majina yao tu, walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi waliponajisiwa na mwalimu wao. Kesi hiyo iliwasilishwa mwaka 2011. Baada ya takriban miaka minne, mahakama iliwapa fidia ya jumla ya shilingi milioni 5.

Uzito wa uamuzi huo hauko katika fedha pekee. Mahakama haikumlaumu mwalimu peke yake. Ilisema kwamba shule, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) na Serikali pia zilibeba lawama, kwa sababu ziliwekewa jukumu la kuwalinda watoto hao na hazikuwalinda. Kumhamisha mwalimu wa aina hiyo kutoka shule moja hadi nyingine, au kumfuta kazi na kuishia hapo, hakutoshi.

Mkataba wa mbali, wajibu wa karibu

Katika kufikia uamuzi huo, mahakama ilizingatia Katiba pamoja na mikataba miwili ya kimataifa. Wa kwanza ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1990. Wa pili ni Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2000.

Wengi hudhani kuwa mikataba kama hii ni ya mabalozi na mikutano ya ng'ambo. Sivyo. Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 kinasema kuwa mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za nchi. Kwa hiyo Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kinachotaka mtoto alindwe dhidi ya kila aina ya ukatili akiwa chini ya uangalizi wa mzazi, mlezi au mtu mwingine yeyote, kina nguvu Kuresoi na Naivasha kama kilivyo na nguvu Geneva.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinakazia jambo hilo hilo. Kila mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa, mila zenye madhara na kazi za kumnyonya. Katika kila jambo linalomhusu, maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaeleza jinsi haki hizo zinavyotekelezwa.

Kwa nini mbuzi hafuti kosa

Pamoja na sheria hizi zote, kesi nyingi za unajisi hukwama kabla hazijafika kituo cha polisi. Familia mbili hukaa chini. Wazee huitwa. Mbuzi au fedha hutolewa, na mtoto huambiwa anyamaze ili asiaibishe ukoo. Mara nyingine mshukiwa ni mjomba, jirani au mtu anayelipa karo, na mama anahofia kwamba akisema atakosa pa kulala.

Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini sheria haimpi mzazi, mzee wa kijiji wala chifu uwezo wa kusamehe kosa hili. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, unajisi ni kosa dhidi ya Jamhuri. Familia haiwezi kuondoa kesi kwa kukubaliana, kwa kuwa uamuzi wa kusitisha mashtaka umewekwa mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Idhini ya mtoto nayo si kinga. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Na aliye na miaka 16 au zaidi lakini hajatimiza 18, kisichopungua miaka 15.

Wanaoumia katika "kumalizana" ni watoto. Aliyedhulumiwa hukosa matibabu, na aliyemdhuru hubaki huru karibu na watoto wengine.

Saa 72 za kwanza

Mtoto akisema amedhulumiwa, mwamini kwanza. Usimhoji tena na tena, wala usimlaumu. Mpeleke mara moja katika hospitali ya umma iliyo karibu, iwe ile ya rufaa mjini Nakuru ambayo wengi bado huiita PGH, au hospitali za Naivasha, Gilgil, Molo na nyinginezo.

Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo bora. Msichana aliyevunja ungo hupewa pia dawa za kuzuia mimba. Kabla ya kupimwa, mtoto asiogeshwe na nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki huhifadhi unyevu unaoharibu ushahidi. Matibabu haya hayalipiwi katika hospitali za umma, na hakuna haja ya kungoja barua ya polisi ndipo mtoto atibiwe. Baada ya hapo, ripoti ipigwe katika kituo cha polisi na fomu ya P3 ijazwe. Fomu hiyo hutolewa bure.

Mtoto akifika mahakamani, sheria inaruhusu atoe ushahidi akiwa nyuma ya kizuizi au kupitia mtu mzima anayemsaidia kueleza. Mahakama inaweza pia kusikiliza kesi faraghani, na jina lake halitangazwi.

Kila ofisi na wajibu wake

Kazi ya kumlinda mtoto imegawanywa kati ya serikali mbili, na mkazi asiyejua mgawanyo huo huzungushwa. Polisi, mahakama, machifu na maafisa wa watoto wako chini ya asasi za kitaifa. Walimu wa shule za msingi na sekondari za umma huajiriwa na TSC, ambayo kwa waraka wake wa mwaka 2010 iliagiza kuwa dhuluma ya kingono shuleni iripotiwe ndani ya saa 24.

Serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, inasimamia huduma za afya za kaunti, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi na vituo vya kulelea watoto. Hivyo uamuzi wa 2015 unaihusu pia. Mtoto wa chekechea yuko mikononi mwa mwalimu aliyeajiriwa na kaunti, na mwajiri anayepuuza malalamishi dhidi ya mfanyakazi wake hawezi kujitoa lawamani. Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu mfanyakazi wa kituo cha chekechea ana haki ya kuufikisha kwa idara ya elimu ya kaunti, na kama ni kosa la jinai, aende pia kwa polisi. Ripoti ya idara haichukui nafasi ya ripoti ya polisi.

Pa kuanzia

Piga simu 116, nambari ya kusaidia watoto. Haina malipo na hupokelewa saa 24. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Jirani au mwalimu anayeshuku jambo pia anaweza, na halazimiki kuwa na ushahidi kamili. Kuchunguza ni kazi ya wahusika. Nambari ya 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, nayo ni bure. Afisa wa watoto hupatikana katika ofisi ya kaunti ndogo.

Wasichana wale wawili walipata haki kwa sababu walisema, na kuna watu wazima waliokataa kuwanyamazisha. Mtoto wa Nakuru anayedhulumiwa leo anahitaji mtu mzima mmoja wa aina hiyo, na anamhitaji kabla saa 72 hazijaisha.