Deni la Faini Hufuata Namba ya Chombo: Jinsi ya Kulikagua

Dereva anapoandikiwa kosa la usalama barabarani kwa mashine ya mkononi, taarifa huingia katika mfumo wa kielektroniki wa Jeshi la Polisi. Karatasi aliyopewa inaweza kupotea au kulowa mfukoni, lakini kumbukumbu hubaki, nayo huambatana na namba ya usajili wa chombo pamoja na namba ya leseni. Wamiliki wengi hugundua deni siku wanaposimamishwa tena njiani, au mnunuzi anapowauliza habari zake.

Faini ya kosa moja kwa gari ni shilingi 30,000. Kwa pikipiki na bajaji, kiwango hicho kilipunguzwa mwaka 2021 hadi shilingi 10,000. Deni lisipolipwa ndani ya muda uliowekwa, huongezewa adhabu ya kuchelewa. Kwa dereva wa bodaboda, makosa matatu yaliyosahauliwa ni shilingi 30,000 kabla ya nyongeza hiyo.

Ukaguzi hauna malipo. Mwananchi hufungua tovuti ya tms.tpf.go.tz kwa simu au kompyuta, kisha huchagua kutafuta kwa namba ya chombo, ya leseni au ya kumbukumbu ya faini. Namba huandikwa kwa kufuatana, bila kuacha nafasi. Kama lipo deni, mfumo huonesha tarehe, mahali, aina ya kosa, kiasi cha faini na nyongeza yake. Asiye na simu ya intaneti anaweza kuuliza katika ofisi ya Kikosi cha Usalama Barabarani kwenye kituo cha polisi.

Malipo hufanyika benki au kwa simu, kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Fedha hazipaswi kutumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa mtumishi. Baada ya kulipa, ni vyema kutunza stakabadhi na kuukagua mfumo tena ili kuhakikisha kuwa deni limefutwa.

Anayekuta kosa asilolitambua asiharakishe kulipa, kwa kuwa kulipa ni kukubali kosa. Alinganishe tarehe na mahali palipotajwa na safari za chombo chake, kisha afike polisi akiwa na kadi ya chombo na leseni. Anayekana kosa ana haki ya kusikilizwa mahakamani.

Wanaopaswa kuzingatia zaidi jambo hili ni vijana wanaoendesha pikipiki za mkataba. Kijana hupeleka hesabu kwa mmiliki kwa miezi mingi akitarajia kukabidhiwa pikipiki mwishoni. Ikiwa imewahi kuendeshwa na mwingine, huenda akakabidhiwa pamoja na madeni ambayo si yake. Mmiliki naye anaweza kurejeshewa chombo chenye faini asizozijua. Hivyo pande zote mbili zikague namba mara mbili: siku ya kutia saini na siku ya kukabidhiana. Matokeo ya ukaguzi wa kwanza yaandikwe ndani ya mkataba, na ielezwe bayana nani atalipa faini zitakazotokea baadaye.

Mnunuzi wa chombo kilichotumika afanye vivyo hivyo kabla ya kutoa fedha, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.