Leseni ya uuguzi ikiisha: Njia ya kurudi kazini kwa wauguzi wa Kitui na Makueni

KATIKA masoko ya Mutha na Kyuso, Kaunti ya Kitui, au Kathonzweni na Nguu, Kaunti ya Makueni, muuguzi aghalabu huitwa daktari. Ndiye amzalishaye mama, amchanjaye mtoto na amfungaye kidonda mkulima aliyejikata kwa panga. Zahanati za mashambani huwa na wauguzi wachache mno, na mmoja akiondoka pengo lake huonekana siku iyo hiyo. Kwa sababu hiyo, leseni iliyopitwa na wakati, ambayo kwa mtazamo wa haraka ni jambo la makaratasi tu, huku ni suala zito.

Wanaojikuta katika hali hiyo si wazembe wote. Yuko aliyeacha kazi ili amtunze mzazi mgonjwa. Yuko aliyekwenda Ghuba kutafuta riziki katika kazi isiyo ya uuguzi. Yuko pia kijana aliyehitimu katika chuo cha mafunzo ya matibabu cha KMTC, akasajiliwa, kisha akakaa nyumbani miaka akingoja kaunti itangaze nafasi. Huyu wa mwisho ndiye wa kuhurumiwa zaidi. Hana mshahara wa kulipia leseni, na bodi za uajiri za kaunti zinapotangaza kazi ya uuguzi hudai leseni ambayo muda wake haujaisha.

Jambo la kwanza analopaswa kulielewa ni kwamba usajili na leseni ni vitu viwili tofauti. Baraza la Wauguzi la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 iliyo katika Sura ya 257 ya Sheria za Kenya, huandika jina la muuguzi katika sajili baada ya kufuzu mtihani wake. Hilo hufanyika mara moja. Leseni ya kufanya kazi, kwa upande wake, hutolewa kwa muda maalumu na tarehe ya kuisha huandikwa juu yake. Muuguzi ambaye leseni yake imeisha hajapoteza taaluma yake wala hatakiwi kurudi darasani kuanza upya. Kile ambacho hana, hadi atakapoihuisha, ni ruhusa ya kuwahudumia wagonjwa.

Hali ni tofauti kwa mtu ambaye jina lake liliondolewa katika sajili kwa sababu za kinidhamu. Huyo hawezi kulipa ada na kuendelea na safari. Ni lazima aliombe baraza limrejeshe, na uamuzi ni wa baraza baada ya kuitazama kesi yake. Wengi huchanganya mambo haya mawili, na hofu hiyo huwafanya wajifiche miaka mingine mitano bila sababu.

Zamani shughuli hii ilimaanisha kudamka Kitui mjini au Wote, kupanda matatu hadi Nairobi na kuitafuta afisi ya baraza karibu na barabara ya Ngong. Siku hizi maombi hufanywa kupitia mtandao wa baraza. Mwombaji hufungua akaunti yake kwa nambari ya usajili, huhakiki habari zake, huonyesha mafunzo endelevu aliyohudhuria na kulipa ada inayodaiwa pamoja na malimbikizo, kama yapo. Aliyebadilisha jina baada ya kuolewa atayarishe mapema vyeti vya kuthibitisha hivyo, kwani majina yanayotofautiana katika kitambulisho na cheti cha chuo yamewachelewesha wengi. Na malipo yafanywe kwa njia rasmi ya serikali, kamwe si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi anayejitapa kwamba ana "ndugu ndani".

Suala la mafunzo endelevu ndilo linalowatatiza wengi, na pia ndilo lenye maana kubwa kuliko yote. Hebu tumtazame muuguzi aliyeacha kazi mwaka 2010 akiwa hodari wa kliniki ya watoto. Mwaka 2011 Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya nimonia. Mwaka 2014 ikaongeza ya virusi vya rota vinavyosababisha kuhara. Oktoba 2019 wasichana wa umri wa miaka 10 wakaanza kupewa chanjo ya kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Tangu mwaka 2016, mwongozo wa serikali umeagiza kila anayepatikana na virusi vya ukimwi aanzishiwe dawa bila kusubiri kinga yake ishuke, ilhali muuguzi huyu alifundishwa kuhesabu chembechembe za CD4 kwanza. Mikono yake ingali na ustadi, lakini ratiba aliyoikariri imebadilika. Akirejea kliniki bila kujinoa, mtoto anaweza kukosa chanjo na asijue mtu.

Kwa hivyo, aliyekaa nje kwa muda mrefu asishangae akitakiwa kuonyesha zaidi ya risiti. Ni busara aliandikie baraza mapema, aeleze alikuwa nje tangu lini na alikuwa akifanya nini, kisha aulize anachohitajika kutimiza. Asijaribu kuficha miaka hiyo, kwani pengo hilo litaonekana tu katika kumbukumbu za baraza. Hospitali za rufaa za Kitui na Makueni, pamoja na zile za misheni kama Mutomo na Muthale, ni mahali pa kuulizia vikao vya mafunzo. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui nayo imewapunguzia adha wale ambao zamani walilazimika kupambana na vumbi na mito ya msimu.

Kinachofaa kuepukwa kabisa ni kufanya kazi huku leseni imelala. Sheria inakataza, na mambo yakienda mrama katika chumba cha kujifungulia, mwajiri na mahakama watauliza kwanza kuhusu leseni. Je, jirani akibisha usiku akiwa na uchungu wa kuzaa? Kumsaidia mtu aliye hatarini huku gari likitafutwa ni utu. Kufungua chumba cha kudunga sindano na kuuza dawa sokoni ni jambo jingine kabisa. Hata muuguzi mwenye leseni halali hatakiwi kufungua kliniki yake mwenyewe mpaka apate leseni ya ziada ya huduma za kibinafsi kutoka kwa baraza. Wananchi nao wanaweza kuangalia katika mtandao wa baraza kama leseni ya muuguzi anayewatibu ingali hai.

Wanaotazamia kwenda ng'ambo wana sababu ya ziada ya kuharakisha. Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa ajira ya wahudumu wa afya mwaka 2021, na mabaraza ya nje huomba baraza la Kenya lithibitishe hali ya muuguzi kabla ya kumsajili. Huko nako hakuna mteremko. Tangu Aprili 2016, muuguzi wa Uingereza hutakiwa kuonyesha kila baada ya miaka mitatu kwamba amefanya kazi kwa saa 450 na kujifunza kwa saa 35. Ukilinganisha, haya ya Nairobi si mateso ya Wakenya peke yao.

Na endapo ombi litakataliwa? Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa afisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya mwaka 2015 inaeleza jinsi ya kuzidai. Muuguzi aombe barua hiyo na kuihifadhi. Mara nyingi itamwonyesha ni hati gani iliyokosekana, na kama ni zaidi ya hati, ndiyo atakayompelekea wakili.