Ripoti ya Skani Inasema Bega "Imeraruka"? Tulia Kwanza, Soma Hii

Maze, bega imeuma miezi tatu. Kulalia huo upande ni noma, kuvaa shati ni vita. Iwe ni yako ama ya mathe, mmechanga doh, skani imepigwa, mkapewa bahasha. Kufungua, maneno hayaeleweki. Unaingia Google, dakika tano baadaye ushajipeleka operesheni.

Tulia. Ripoti inasomwa hivi.

Kwanza, skani si moja. Eksirei ni ya mifupa, kano hazionekani vizuri hapo. Kwa hivyo ikitoka safi haimaanishi unaigiza. Kano, zile kamba zinashikanisha misuli na mfupa, hucheckiwa na altrasaundi ama MRI.

Pili, maneno. Bega imezungukwa na misuli nne, na kano ya ule wa juu, supraspinatasi, ndiyo huumia sana. Tendinosisi ni kano imechoka, haijakatika. Basaitisi ni kale kamfuko ka kupunguza msuguano kamefura. Kuraruka nusu ni nyuzi kadhaa zimeachilia, zingine bado zimeshika. Kuraruka kabisa ni tundu limepita kano yote, na hata hapo si kila msee hupelekwa kisu.

Tatu, na hii ndiyo wasee hawaambiwi: picha si uchungu. Kwa utafiti wa 1995, watu 96 wenye bega haikuwa inawauma walipigwa MRI. 34 kwa kila 100 walipatikana kano imeraruka. Waliopita miaka 60, zaidi ya nusu. Wa chini ya 40, 4 tu kwa kila 100.

So kama ripoti ni ya mathe, hiyo kuraruka inaweza kuwa umri tu, kama mvi. Lakini kama uko 24 na ulianguka na nduthi, usiichukulie poa.

Ukirudi kwa daktari, usiulize tu "ni mbaya?" Muulize: hii iko kwa picha ndiyo inaniuma? Naweza kuanza na mazoezi ya fizio? Na akuinue mkono, apime nguvu. Daktari mwenye hajagusa bega yako amesoma nusu ya story.

Moja ya mwisho. Umeanguka na mkono umekataa kuinuka, ama bega imefura, ina moto na una homa? Usingoje wiki ijayo. Enda hosi leo.